Kwa mwalimu wa Newala anayetaka PhD ya ushauri nasaha

Mleta uzi ni mwalimu wa sekondari Newala. Miaka sita sasa amebebeshwa malezi na ushauri nasaha shuleni, ana uzamili wa elimu, na anauliza kama aombe PhD ya saikolojia ya ushauri "awe mshauri kamili". Waliotangulia wameongelea ada. Mimi nilisoma PhD hiyo nikiishi hapa Mtwara, napanda basi la alfajiri kwenda Dar kuonana na msimamizi, basi niseme ambalo mimi sikuambiwa.

Mwalimu, PhD ya namna niliyosoma mimi haikufanyi mshauri. Inakufanya mtafiti wa mambo ya ushauri.

Yangu ilikuwa ya tasnifu tupu: andiko la utafiti, dodoso, kuandika, kutetea. Miaka yote ile hakuna aliyekaa pembeni akanisikiliza nikiongea na mwenye shida, kisha akaniambia hapa umemkatiza, hapa umekimbilia mawaidha. Marekani wamelipanga vingine. Huko fani hii ilikua kutoka kwenye kuwasaidia vijana kuchagua kazi, ikapata nguvu askari waliporudi kutoka Vita Kuu ya Pili. Mkutano wa Boulder wa 1949 ukasisitiza mwanasaikolojia wa tiba afundishwe utafiti na kazi yenyewe kwa pamoja, na watu wa ushauri nao wakashika njia hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi wao wa PhD anaingia darasani, anaonana na wateja chini ya msimamizi, na kabla ya kuhitimu anamaliza mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo. Akitoka hapo bado anadaiwa mtihani wa leseni.

Mimi nilikuwa na dodoso. Maswali 9, lile la kupima sonona linaloitwa PHQ-9: kwa wiki mbili zilizopita jambo fulani limekusumbua mara ngapi, unajibiwa kwa 0 hadi 3. Nilizunguka nalo Mikindani na vijiji vya jirani. Tafsiri niliyobeba iliuliza kama mtu "amejisikia kushuka". Bibi mmoja akanitazama: "Kushuka wapi mwanangu, na mimi hata kupanda sijapanda?" Nilicheka, ila usiku nikakaa na karatasi upya. Watu wetu wanasema "nina mawazo", "mawazo yamenizidi", "moyo mzito". Ukiuliza hivyo wanafunguka mpaka unakosa pa kuandika.

Swali la 9 ndilo lililonivua nguo. Linauliza kama ndani ya wiki hizo mbili umeona ni heri ufe au ujidhuru. Mama mmoja, tumekaa jamvini, mtoto kamlalia mapajani, akajibu taratibu: ndiyo, siku nyingi. Fomu ilitaka nizungushie namba tu. Andiko langu lilikuwa na aya nzima ya rufaa, kamati ya maadili ilikuwa imeipitisha, ila aya ile haikunifundisha niseme nini pale jamvini. Nikaanza kumhubiria. Akanyamaza. Bahati dada yake aliingia, na yeye hakusema neno, alimshika mkono tu. Kesho yake tulikwenda hospitali watu watatu. Mpaka leo namkumbuka yule dada kuliko msimamizi wangu.

Sisi walimu tuna tabia ya kungwi. Kungwi kazi yake ni kufunda, na unyagoni anaijua vizuri sana. Mshauri anatakiwa amwache mtu amalize kwanza. Kuitoa tabia hiyo kunahitaji mtu wa kukusahihisha wiki kwa wiki, na kwetu ni rahisi zaidi kumpata kwenye kozi ya uzamili yenye fildi. Muhimbili, kwa mfano, wana uzamili wa saikolojia tiba. Najua kusoma uzamili wa pili kunaonekana kama kurudi nyuma, hata mashemeji watasema.

Kama lengo ni kufundisha chuoni, hilo ni jambo jingine, omba PhD bila kusita. Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi, kaanzie kuuliza hapo. Hawa wa mtandaoni wanaokuahidi PhD ya nje kwa miezi 18, peleka jina la chuo TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwanza. Na msimamizi yeyote utakayempata, muulize swali moja kabla hujalipa: nani atanisikiliza nikiwa na mteja? Akianza kukueleza habari za machapisho, umeshajibiwa.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza. Hapo shuleni, anayeshika fimbo ni nani? Kama ni wewe huyo huyo mwenye ofisi ya ushauri, mwombe mkuu wa shule akutoe kwenye nidhamu. Mimi nilichapa Jumatatu na kushauri Jumanne kwa miaka minne, na watoto waliokuja ofisini kwangu walikuwa wale waliotumwa tu.

Minada ya korosho ikipita, ukishuka Mtwara mjini nitumie ujumbe humu. Nitakupa dodoso langu, lile la pili nililoandika upya.