Kabla ya Kukata Shati Kuukuu

Kwa miaka ya mwanzo ya ushonaji wangu nilikuwa nikianza na picha: nikiona gauni nililolipenda, nilitafuta nguo kuukuu yenye rangi inayokaribiana nalo, kisha nikakilazimisha kitambaa kifuate picha. Nguo nyingi za namna hiyo zilikataa kukaa mwilini. Siku hizi huanza na kitambaa kilichobaki kizima, na mtindo hufuata.

Ninapochagua mitumba katika soko la Memorial hapa Moshi, kila nguo huinua na kuitazama juani. Suruali ya jinzi huchakaa kwanza makalioni na kati ya mapaja, nako mwanga hupenya hata pale ambapo mkono hauhisi udhaifu wowote, ilhali chini ya magoti, upande wa nyuma, kitambaa huwa bado imara. Shati la kiume huisha kwenye kola na ncha za mikono. Mgongo wake hubaki, na mgongo wa shati kubwa unatosha sehemu yote ya mbele ya gauni la mtoto wa miaka mitatu. Ile sehemu ya mbele yenye vifungo nayo huigeuza kuwa nyuma, hivyo gauni hupata mahali pa kufungulia bila kutoboa tundu jipya hata moja.

Nakushauri ufumue badala ya kukata kando ya mshono. Ukikata, unapoteza takriban sentimita 1.5 kila upande, yaani sentimita 3 kwa kila kipande, na katika nguo ndogo upungufu huo hauzibiki. Mishono ya jinzi iliyokunjwa mara mbili ndiyo pekee ninayoiacha, kwa kuwa huchukua jioni nzima na mikunjo yake huacha mistari iliyopauka. Baada ya kufumua, piga pasi vipande vyote na uchore kwa chaki mwelekeo wa nyuzi. Niliwahi kukata mkono wa blauzi kimshazari ili kukwepa doa; ulipofuliwa mara ya kwanza ukajipinda, na mteja akairudisha, kwa haki kabisa.

Ukiunganisha shati kuukuu na kitenge kipya, fua kitenge kwanza. Shati limekwisha kuruka, yaani kujikaza na kupungua, kwa kufuliwa miaka mingi, lakini kitenge bado, na kikiruka baada ya kushonwa kitauvuta mshono wote ujikunyate.

Jambo jingine ni mfuko wa kifuani. Ukiubandua, chini yake utakuta mraba wenye rangi nzito, kwa sababu jua na sabuni havikuwahi kufika pale, na hakuna kufua kutakakouondoa. Nikitaka mfuko mbele, hukata mwingine kutoka kwenye mkono wa shati, na ule wa zamani huuacha palepale ulipo.