Mizani yangu na lumbesa

Mwaka juzi nilikwenda kununua viazi Uporoto, Mbeya, nikiwa na mizani ya kuning'iniza begani. Kwa wanaoijua biashara hii, hicho ni kichekesho. Viazi shambani huchukuliwa kwa lumbesa: gunia linajazwa, linashonewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja na debe zima linakwenda bure. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Kila mtu anaijua, na malori yanapakia.

Kilichonibana mimi ni Kumbukumbu la Torati 25, panapokatazwa kubeba mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti: nauli ya lori ile ile, mzigo pungufu. Mke wangu akaitazama ile karatasi. "Baba watoto, na ada ya Januari tutapeleka kwa kilo?" Sikuwa na jibu.

Aliyenisogeza ni nabii Yeremia. Wababeli wameuzingira mji, yeye kafungwa kwenye uwanda wa walinzi, tena ndiye aliyetabiri kuwa Yerusalemu itatekwa. Hapo Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake kule Anathothi. Akapima shekeli 17 za fedha, akaweka mashahidi, hati ikatiwa kwenye chombo cha udongo. Ndipo akaomba, na ndani ya maombi akamweleza Mungu mshangao wake: mji unaangukia mikononi mwa Wababeli, nawe waniambia nunua shamba? Fedha kwanza, maswali baadaye. Mimi nilikuwa nimeanzia kwenye maswali, na yalikuwa hayaishi.

Ila tusichanganye. Ukisikia sauti inakutuma umpelekee nabii kodi ya nyumba, ipeleke kwanza kwa mchungaji na watu wazima wenye akili zao. Nazungumzia amri iliyoandikwa, unayoielewa vizuri, na bado unaombea "uthibitisho" kwa sababu ina gharama.

Msimu ule nilinunua kwa kilo, nikapata hasara, ada nikakopa. Wakulima nao hawakunikimbilia. Walidhani mizani imechezewa, wakaleta mfuko wa saruji wa kilo 50 tuupime kwanza. Mzee mmoja alipima gunia lake mara tatu, kisha akalikalia, akaanza kuhesabu kwa vidole misimu aliyouza lumbesa. Alipofika kumi na kitu akanyamaza.

Deni nilimaliza Agosti. Mizani ninayo bado. Ndoano imepinda kidogo, nitaibadilisha kabla ya mavuno.