Kulala hemani jangwani mwezi wa Julai

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyekulia Mikindani anaweza kuvuka jangwa la Namib, kule Namibia, mwezi wa Julai, peke yake, kwa gari la kukodi na hema. Unaweza, ila kinachokutia hofu si kile ninachokihofia mimi. Joto la mchana wakati huo ni la wastani. Tatizo ni usiku, kwa sababu hewa kavu haihifadhi joto, na jua likishazama halijoto hushuka haraka hata kukaribia nyuzi 0, jambo ambalo kipupwe chetu cha pwani hakijakuzoesha. Baridi hiyo hupandia mgongoni kutoka ardhini, kwa hiyo kabla ya kuongeza blanketi la juu, tafuta godoro la sponji la kutandika chini, maana mkeka wa ukindu hautakufaa.

Barabara nyingi huko ni za changarawe. Usizidishe kilomita 80 kwa saa, usiendeshe usiku, na ukipita Solitaire, kijiji kidogo chenye kituo cha mafuta, jaza mafuta hata kama tangi lina nusu. Kutoka Sesriem, penye lango la hifadhi, kwenda Sossusvlei, bonde la udongo lililozungukwa na vilima vya mchanga, ni lami kwa takribani kilomita 60, kisha kilomita 5 hivi za mwisho ni mchanga mtupu: kama gari lako si la magurudumu manne yanayovuta, liegeshe hapo upande magari ya wenyeji. Kwa kuwa uko peke yako, mwachie ndugu mmoja ratiba ya kila kituo, na maji yasipungue lita 5 kwa siku.