Mwanangu, Kuhusu Yule Messalina

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unaandaa kipindi cha mtandaoni kuhusu Messalina, mke wa Kaisari Claudius, na wenzako mnaoandaa nao wamegawanyika: hawa wanamwita kahaba wa ikulu, wale wanasema alionewa na wanaume wenye kalamu. Unataka kujua mama yako, aliyefundisha historia mpaka akastaafu, yuko upande gani. Kwa kweli sipo kwa hawa wala kwa wale. Mimi ningemwondolea danguro, lakini damu ningemwachia.

Claudius unamjua bila kujua kwamba unamjua. Ndiye Klaudio wa Matendo ya Mitume 18, aliyeamuru Wayahudi watoke Roma. Alipotawazwa Januari mwaka 41 alikuwa anakaribia miaka 50. Mkewe alikuwa mdogo kwake kwa mbali, na wote wawili walitoka katika ukoo wa Octavia, dada yake Augusto, Kaisari wa kwanza. Walikuwa na binti, naye waliyempa jina la Octavia, na wiki chache baada ya kutawazwa akazaliwa mtoto wa kiume, Britannicus. Seneti ikataka mama apewe cheo cha Augusta, jina la heshima kubwa kwa wanawake wa ukoo wa Kaisari. Claudius akakataa. Kumbuka hilo kila unaposikia kwamba mzee alikuwa anaburuzwa tu na mkewe.

Sasa hilo danguro. Habari za Messalina kuvaa wigi la manjano, kutoroka usiku na kujiuza kwa jina la Lycisca zinatoka kwa Juvenal, katika shairi lake la sita. Juvenal alikuwa mtunzi wa mashairi ya kejeli, na shairi hilo, refu kuliko yote aliyotunga, lina kazi moja: kumshawishi mwanamume asioe. Humo kila mwanamke ana aibu yake. Ile ya kushindana na kahaba na kumshinda kwa kulala na wanaume mara 25 ameiandika Pliny Mkubwa, mwandishi wa elimu ya viumbe, kwenye kitabu kinachohusu ndege, pale alipokuwa anaeleza jinsi viumbe wanavyopandana. Wenzako watakujibu kwamba lisemwalo lipo. Sawa, lakini waulize: mke wa Kaisari, mwenye walinzi, watumwa na maadui kila kona, angetokaje usiku baada ya usiku asishikwe na mtu hata mmoja aliyetaka kumwangusha?

Hata Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi ambaye hampendi kabisa Messalina, danguro hilo hana. Yeye alizaliwa baada ya Messalina kufa, na vitabu vyake vinavyohusu miaka ya mwanzo ya Claudius vimepotea. Kilichobaki kinaanza mwaka 47, Messalina akiwa amebakiza mwaka mmoja hivi wa kuishi. Yaani tunasoma anguko bila kusoma kupanda kwake.

Nenda polepole kwenye huo mwaka 47. Valerius Asiaticus, tajiri kutoka Galia (Ufaransa ya leo) aliyekuwa konsuli, cheo cha juu serikalini, mara mbili, alimiliki bustani za Lucullus, na Messalina alizitaka. Mashtaka yakatafutwa, uzinzi ukiwemo. Kesi haikupelekwa Seneti. Ilisikilizwa chumbani kwa Kaisari, Messalina akiwepo. Asiaticus akaruhusiwa kujichagulia namna ya kufa. Alifanya mazoezi, akaoga, akala vizuri, kisha akaenda kutazama rundo la kuni ambalo mwili wake ungechomwa, akaagiza lisogezwe ili moto usiunguze majani ya miti. Ndipo akajikata mishipa. Mimi kila nikifika hapo huwa sina hamu ya kumtetea Messalina.

Kabla ya hapo, mwaka ule ule wa kutawazwa, Julia Livilla, mpwa wa Claudius, alifukuzwa Roma kwa shtaka la uzinzi pamoja na mwanafalsafa Seneca, na wanahistoria wa kale wanalitaja jina la Messalina katika jambo hilo. Unaona silaha yenyewe? Tangu sheria za Augusto, uzinzi wa mwanamke wa ukoo wa kifalme ulikuwa kesi ya kisiasa. Messalina aliitumia vizuri, mpaka ikamgeukia.

Mwaka 48, Claudius akiwa Ostia, bandari ya Roma, Messalina alifunga ndoa hadharani na Gaius Silius, aliyekwisha teuliwa kuwa konsuli. Tacitus mwenyewe anakiri kwamba msomaji ataona ni hadithi ya kubuni. Mapenzi yalikuwepo, sikatai. Lakini Silius hakuwa na mtoto, na aliahidi kumfanya Britannicus mwanawe. Mwaka uliotangulia, kwenye michezo ya uwanjani, watu walikuwa wamemshangilia zaidi kijana Nero, mwana wa Agrippina, mpwa mwingine wa Claudius, kuliko Britannicus. Mimi naona mama aliyeogopa kwamba mwanawe atapitwa, akacheza kamari kubwa kupita kiasi.

Alimalizwa na Narcissus, mtumwa aliyeachwa huru, ambaye zamani walishirikiana kuua watu. Narcissus aliwatuma masuria wawili wa Kaisari wakamwambie. Messalina akaondoka mjini juu ya mkokoteni wa takataka za bustani kumwahi mumewe njiani, hakusikilizwa. Claudius alipoanza kulainika mezani, Narcissus akatoa amri mwenyewe, na Messalina akauawa katika zile zile bustani za Asiaticus. Seneti ikaagiza jina lake na sanamu zake ziondolewe.

Mwaka uliofuata Claudius akamwoa Agrippina, ambaye aliacha kumbukumbu zake zilizosomwa na Tacitus. Huyo ndiye aliyefaidika Messalina akikumbukwa kama kahaba tu.

Wenzako wakizidi kubishana, wapeleke mwaka 62. Octavia, binti wa Messalina, alikuwa mke wa Nero, ambaye sasa ndiye Kaisari, naye Nero akamtaka aondoke. Akashtakiwa uzinzi. Vijakazi wakateswa ili wamsingizie, na mmoja akamjibu Tigellinus, mkuu wa walinzi, kwamba sehemu za siri za Octavia ni safi kuliko kinywa chake. Octavia akauawa kisiwani Pandateria. Tacitus anasema waziwazi kwamba binti alisingiziwa. Muulizeni basi Tacitus, hewani, kwa nini kwa mama yake aliridhika na maneno ya wazee.

Ukimaliza kurekodi nitumie nisikilize kabla hujakirusha. Baba yako anakusalimu.

Mama yako