Mhaya asiyekula ndizi: jibu kwa mleta mada aliyekutana na rafiki wa utotoni

Mleta mada, umesema umekutana na rafiki yako wa utotoni baada ya miaka 20, kila mmoja ana donda lake la nyumbani, mmeanza kupendana, na sasa unajiuliza kama ni mapenzi au mnahurumiana tu. Wengi hapo juu wamekwambia kimbia. Mimi sikukimbia. Nina miaka mitano ya ndoa na mtu wa namna hiyo, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kwa urefu.

Tumekulia Kashai, Bukoba. Kati ya kwao na kwetu palikuwa na ua wa michongoma wenye tundu moja tulilokuwa tunapenyea. Mei 20, 1996, siku ya Jumatatu, baba yangu alisafiri na MV Bukoba kwenda Mwanza. Mama wa rafiki yangu akamwomba ampelekee dada yake mkungu wa ndizi. Aliyeubeba mkungu huo kichwani mpaka bandarini ni yeye, rafiki yangu, wakati huo ana miaka 12. Mimi nilikuwa na 11, natembea nyuma yake namcheka kwa jinsi shingo ilivyozama mabegani.

Kesho yake asubuhi meli ikapinduka, imebakiza kidogo tu kufika Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430, na Bukoba hakuna asiyejua kwamba waliokuwemo walizidi hapo kwa mbali. Hesabu ya waliokufa mpaka leo kila mtu ana yake. Baba hatukumpata. Wengi waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa Igoma, nasi tunaamini naye yumo.

Tangu msiba ule rafiki yangu hakupita tena kwenye lile tundu. Nikikutana naye bombani anageuza njia. Akili ya mtoto ikaniambia wametukwepa kwa sababu tumeshakuwa maskini. Mwaka uliofuata mama akatuhamishia kwa wajomba Muleba, ikawa basi.

Tukaja kuonana Oktoba 2018, msibani, Nyakato, Mwanza. MV Nyerere ilikuwa imezama Ukara wiki chache tu nyuma, kila baraza maongezi ni maji. Nilikuwa napakua chakula na akina mama. Mwanaume mmoja akarudisha sahani akaomba wali. Mama mmoja akamtania: "We Mhaya gani huli ndizi?" Nikacheka, nikainua macho, nikaiona ile shingo.

Miezi ya mwanzo ilikuwa asali, na hapa ndipo nakuonya. Rafiki wa utotoni anakujua wewe wa kabla ya balaa. Utamu wake ni huo na ubaya wake ni huo huo. Yeye alikuwa anamtafuta yule mtoto mcheshi wa Kashai. Mimi nilishakuwa mtu ambaye mvua kubwa ikipiga bati silali, na basi likipanda pantoni pale Busisi nateremka nikasimame karibu na majaketi ya kujiokolea (siku hizi kuna daraja, tangu Juni 2025, Mungu awabariki waliolijenga). Akinikuta nimenuna ananiambia, "Zamani hukuwa hivi." Maneno hayo matatu yametugombanisha kuliko pesa. Siku moja nikamwambia yule wa zamani hayupo, kama unamtaka yeye tuachane kwa amani. Tukaanza kuulizana kama watu wasiojuana: unapenda nini, unadaiwa na nani, unaogopa nini.

Hilo la mwisho ndilo lililoutoa mkungu. Ilikuwa usiku, umeme umekatika. Akasema, "Niliwasikia wakubwa wanasema meli ilizidiwa mzigo. Nikajua ni ule wangu." Mtoto wa miaka 12 alisikia neno hilo barazani, akajumlisha kivyake, akashindwa kunitazama usoni, akashindwa na ndizi. Miaka 22!

Nakiri kwanza nilitaka kucheka. Kisha nikakasirika, kwa nini hukusema, miaka yote hiyo nilijua mlitudharau. Ndipo nikalia. Sikumwambia "si kosa lako", maana hilo alishajiambia mara elfu, hesabu anazijua kunishinda. Nilimkumbusha tu kwamba pale bandarini baba alimpa shilingi 20 akamwambia ana shingo ya askari. Alikuwa amesahau kabisa. Mimi nayo ya mkungu nilikuwa nimeisahau, ilibaki kicheko tu.

Kwa mshauri nasaha tulikwenda. Wa kwanza alituhubiria kusamehe mpaka tukajihisi wahalifu, hatukurudi. Wa pili, mama mmoja mtulivu, alimwona yeye peke yake miezi kadhaa, na mimi peke yangu. Dada, hiyo PEKE YAKE naisisitiza. Umeandika kwamba mnapigiana simu mpaka saa nane usiku mkisimuliana ya nyumbani. Punguzeni. Nasi tulifanya hivyo, asubuhi kila mtu anaingia kazini macho mekundu na donda bichi. Tukakubaliana mazito ni Jumamosi mchana, tena tukiwa tunatembea. Usiku ni wa umbea na kulala.

Kuhusu huruma, mimi nilijipima hivi. Alipoanza kupata usingizi alianza na kukoroma, tena akawa mbishi, tunabishania kiwanja wiki nzima. Mtu wa kuhurumiwa hakuwepo tena, alikuwepo mbishi tu. Nikaona bado namtaka. Wako akipata nafuu akaanza kukuudhi, ndipo ujiulize tena swali lako, siyo sasa.

Mei 21, 2021, miaka 25, tulikwenda wote Igoma. Alisimama makaburini muda mrefu, sikumuuliza alikuwa anasema nini.

Ndizi bado hali. Kwangu zinapikwa sufuria mbili, na mama mkwe akitutembelea lawama ni zangu, eti simpikii mwanawe chakula cha kwao. Yeye ndiye aliyeutuma ule mkungu na hajui lolote. Mume wangu amesema Desemba tukienda Bukoba atamwambia.