Mmeniuliza kuhusu mzee wa sauti ya Mufasa, haya twende

Wiki iliyopita nilimgusia kidogo tu James Earl Jones, yule Mmarekani aliyetoa sauti ya Mufasa, yule simba mfalme kwenye katuni ya The Lion King, maswali yakamiminika. Nimeokota machache.

Eti ni kweli alikuwa na kigugumizi? Na sauti ile?

Kweli kabisa, tena si cha kukwama mara moja moja. Alizaliwa 1931 Arkabutla, Mississippi, alipofika kama miaka mitano akahamia na babu na bibi yake, wazazi wa mama, kwenye shamba huko Michigan na ndo hapo ulimi ukafunga. Karibu miaka minane shuleni haongei, anaandika tu, sauti yake walikuwa wanaisikia watu wa nyumbani na mifugo. Aliyemfungua ni mwalimu wake wa sekondari, Donald Crouch. Kijana kaandika shairi la kulisifu balungi, ndio, balungi hili hili la kumenya, mwalimu akalisoma akamwambia hili ni zuri mno siamini kama ni lako, kama ni lako simama mbele ya darasa ulighani bila karatasi. Akasimama, akalitoa lote kwa kichwa na hakukwama popote. Hapo huwa nacheka, maana walimu wangu mimi wangeishia kwenye "umeliibia wapi" na fimbo ishainuka. Ila kigugumizi chenyewe hakikuisha, mzee mwenyewe alikuwa anasema bado anacho, amejifunza tu kuishi nacho.

Aliingia kwenye muvi moja kwa moja?

Wapi! Chuo Kikuu cha Michigan alianza na masomo ya kuelekea udaktari, akayatema akahamia maigizo, halafu jeshini kama ofisa, akatoka akawa seremala wa jukwaa kwenye ukumbi mmoja mji wa Manistee, kisha New York kusomea uigizaji huku anapiga deki ili apate cha kula. Baba yake, Robert Earl Jones, naye alikuwa mwigizaji na kabla ya hapo bondia, ila aliiacha familia mapema, wakaja kujuana vizuri ukubwani. Sinema ya kwanza ya kijana ni 1964 lakini kilichomtoa ni jukwaa: aliigiza bondia mweusi kwenye The Great White Hope, akabeba Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Marekani, 1969, ikageuzwa sinema akateuliwa Oscar. Damu ya ngumi ilikuwemo bana.

Darth Vader, yule mwovu wa sinema za Star Wars, ni yeye au sio? Tumebishana kijiweni hadi soda zimepoa.

Mmeshinda wote. Ndani ya lile vazi jeusi ni Mwingereza David Prowse, sauti ya Jones ikaja kubandikwa baadaye. Sinema ya kwanza, 1977, Jones alilipwa dola 7,000 tu, na hakutaka hata jina lake liandikwe, alijiona ni kama sehemu ya manjonjo ya mitambo.

Mufasa ni Kiswahili?

Hapana, usihangaike na kamusi. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Sarabi ni yale mazigazi, Pumbaa anajieleza na Shenzi ndo usiseme, ila mufasa sisi hatuna. Sasa ngoja nikupe tamu zaidi. Rudi kwenye sinema ya Coming to America ya 1988, mwangalie mfalme baba yake Eddie Murphy, kajitupia ngozi ya simba mzima begani. Ni huyo huyo Jones! Malkia pembeni yake ni Madge Sinclair, mzaliwa wa Jamaika. Miaka sita baadaye, 1994, wawili hao hao wanatoa sauti za Mufasa na Sarabi, yaani mfalme na malkia wamehamia porini, na aliyekuwa anavaa simba sasa kawa simba mwenyewe. Nikiziangalia hizo mbili kwa kufuatana sijizuii.

Oscar aliwahi kuchukua?

Ya heshima, 2011, na ilimkuta kazini London, Ben Kingsley akamkabidhi jukwaani pale pale baada ya onyesho. Tony ya pili aliipata 1987, Emmy mbili, tuzo za televisheni, mwaka mmoja, 1991, na Grammy, tuzo ya rekodi za sauti, alikuwa nayo. Katikati ya hayo yote alikuwa anasoma hata matangazo ya kampuni za simu na kile kionjo cha televisheni ya CNN, hachagui kazi, na mimi ndo hapo namvulia kofia kuliko kwenye vikombe.

Amefariki, je, na sauti ya Vader ndo basi?

Alifariki 9 Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Sauti siyo basi. Kabla ya hapo aliridhia rekodi zake za zamani zitumike na akili bandia kuitengeneza sauti ya Vader, na kwenye tamthilia ya Star Wars iitwayo Obi-Wan Kenobi ya 2022 kampuni moja ya Ukraine ilifanya hivyo, wakiwa kazini huku nchi yao inapigwa mabomu. Kwa hiyo hata ukimsikia anakoroma tena ndani ya ile kofia, usiruke kwenye kochi.