Barua kwa mwanangu: anza uvunguni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unataka kujua kati ya Toyota Hilux, Ford Ranger na Isuzu D-Max ni pikapu ipi isiyosumbua, na mwishoni, kama mtu anayepitisha neno kwa mlango wa nyuma, umeongeza kwamba ukipata Land Cruiser au Nissan Patrol ya zamani iliyo nzima, huenda ukaziacha zote tatu. Bila shaka umeniandikia mimi kwa sababu jibu la baba yako na jibu la baba yako mdogo unayajua tangu hujaanza shule, na unajua pia kwamba hayajawahi kukutana. Mimi katika ubishi ule sikuwa na chama.

Nianze na majina, kwa kuwa ndiyo yanayowagombanisha watu. Mazda BT-50 iliyotoka mwaka 2011 ilikuwa ndugu wa tumbo moja na Ranger; ya mwaka 2020 ikahamia kwa Isuzu, na sasa ni D-Max iliyobadilishwa sura. Volkswagen nayo, Amarok yake ya mwaka 2022 imejengwa juu ya Ranger. Kwa hiyo aliyekuwa akiapa miaka ile kwamba Mazda ni chuma na Ford ni bati alikuwa anabishana na kioo. Na wanaoitaja Toyota kama wanaotaja dua wakumbuke kwamba mwaka 2016, huko Marekani, kampuni hiyo ilikubali kutenga hadi dola bilioni 3.4 kumaliza kesi ya chasisi, yaani fremu za chini, za magari yake ya Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikiliwa na kutu, na mwaka 2024 ikayaita tena magari yapatayo 100,000, mengi yakiwa Tundra, kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyosahaulika ndani ya injini wakati wa kuichonga. Siyasemi haya kwa chuki. Nayasema kwa sababu kutu na chembe za chuma hazisomi nembo.

Umeisifu injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ile ya dizeli yenye silinda sita na lita 4.2, isiyo na turbo, na una haki ya kuisifu. Lakini je, unajua kwamba ina taimingi belti, mkanda unaoziendesha sehemu za injini kwa mpangilio mmoja, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, ilhali injini ya TD42 ya Patrol, yenye karibu ukubwa uleule, hutumia gia mahali pa belti? Ukinunua gari la mtu, swali lako la kwanza lisiwe limetengenezwa na nani, bali belti ile ilibadilishwa lini, na kama muuzaji anakumbuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimekuambia hivyo tangu enzi za baiskeli yako, ile ambayo mnyororo wake ulishika kutu huku ukiilaumu kwamba ni nzito.

Unaikumbuka safari ile, wewe na dada yako mkigombania dirisha kiti cha nyuma? Mnachokikumbuka ni moshi na kuvutwa kwa kamba. Mimi nakumbuka asubuhi yake. Nilikwenda kupakia mizigo kabla hamjaamka, nikaona tone chini ya gari, upande wa mbele. Niliinama nikaligusa kwa kidole: lilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, lilikuwa na utelezi kama wa sabuni, na lilinukia utamu fulani ambao maji hayana. Nikamwambia baba yako. Yeye, akiwa amesimama wima, akanijibu kwamba hayo ni maji ya kiyoyozi. Kiyoyozi hatukuwa tumekiwasha tangu juzi yake. Baba yako mdogo, aliyekuwa akiegesha gari lake kando ili tuongozane, akacheka akasema, "Shemeji naye siku hizi amekuwa fundi." Nikanyamaza, nikaingia garini na tone langu kidoleni.

Kwenye mlima wa pili mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, na baba yako akaendelea kukanyaga mafuta kwa sababu kilele kilikuwa karibu. Yaliyofuata unayajua. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ilipinda, gasketi iliyo chini yake ikaungua, maji yakaingia kwenye oili nayo ikageuka rangi ya maziwa, na tukarudi nyumbani nyuma ya gari la baba yako mdogo, naye akipiga honi kila kona. Tangu siku ile, wale ndugu wawili wamekuwa wakibishana kama kampuni iliyotengeneza gari letu ni dhaifu na iliyotengeneza lake ni imara. Majina ya kampuni hizo siyaandiki, maana hazikuhusika. Kilichohusika ni klipu ya hosi ya rejeta iliyokuwa imelegea meno, na hapo ndipo tone lile lilipotokea. Fundi aliitoa akaniwekea kiganjani, mimi na si baba yako, na ninayo hadi leo katika kopo la vifungo. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za tone.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba yule aliyenicheka ndiye aliyekuwa akiinama. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari lake, baba yako mdogo alichomoa kijiti cha oili akakifuta kwa kitambaa kilekile, akatazama maji, akachungulia uvunguni. Gari lake lilidumu, naye akaipa kampuni sifa zote.

Hata hivyo, nitakuwa mnafiki nikikuambia kwamba magari yote ni sawa na tofauti yake ni matunzo tu. Nimejaribu kuamini hivyo na sijaweza. Ziko injini zinazosamehe na ziko zisizosamehe. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida inaweza kumeza mafuta machafu na kukohoa tu, lakini hizi mpya hurusha mafuta kwa shinikizo linalozidi mara 1,500 ya lile la hewa tunayovuta, na maji kidogo yaliyopenya kichujio yanatosha kuharibu nozeli zote. Nyingi zina pia kichujio cha masizi kwenye ekzosti, ambacho hujisafisha kwa kuchoma masizi hayo gari likiwa limekimbia kwa muda wa kutosha. Na wewe, safari zako nyingi huisha kabla injini haijapata joto. Kwa upande mwingine, hiyo ya zamani unayoitamani imefika kwako kwa sababu wenzake wengi walikwisha kufa, nasi tunawahesabu waliobaki tu, tukisema zamani walitengeneza vyuma. Land Rover za kwanza, za mwaka 1948, zilipewa bodi ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Bodi haikushika kutu, ila chasisi chini yake ilikuwa ya chuma, na humo ndimo kutu ilimoingilia.

Kwa hiyo ni ipi? Hapa nilikuwa nimeandika jina moja, nikalikata. Ukiliinua karatasi kwenye mwanga utaona herufi ya kwanza, lakini usiliinue. Nenda kaliangalie gari asubuhi, ukimwomba muuzaji asiliwashe kabla hujafika, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi. Lala chini na tochi, gonga chasisi kwa mpini wa bisibisi usikilize kama sauti inabadilika, kisha fungua kifuniko cha oili utazame upande wake wa ndani kama una ile rangi ya maziwa. Ukikuta tone, liguse.

Baba yako amepita hapa akaona naandika. Ameuliza kama nimekwisha kukutajia jina. Nimemwambia bado, naye amekaa kwenye kiti kilicho mbele yangu, anasubiri nimwachie kalamu.

Mama yako